Safari ya Kwenda Kazini na Gari la Pamoja: Nani Hubeba Gharama?

UTANGULIZI

Kila siku alfajiri, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia na kabla milango ya ofisi haijafunguliwa, mfanyakazi amekwisha kufanya kazi moja ambayo haimo katika mkataba wake. Kazi hiyo ni kusafiri. Ametoka nyumbani, ametafuta chombo, amelipa nauli au amenunua petroli, na amekaa njiani nusu saa, saa moja au zaidi. Jioni atafanya hivyo tena. Mwajiri humlipa kwa saa alizokuwa kazini, lakini saa za njiani hazilipwi na mtu yeyote.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba wengi hulichukulia kama mvua na jua, yaani jambo lisilo na mwenyewe. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba safari ya kazini ni suala la uchumi, na kwa hiyo ni suala la siasa. Tutafanya hivyo kwa kuchambua mfano mmoja mdogo ambao ni rahisi kuuelewa: utaratibu wa wafanyakazi kushirikiana gari moja la abiria kwenda kazini na kurudi. Utaratibu huu ulikua zaidi nchini Marekani kuanzia mwaka 1973, na historia yake ina mafunzo mawili, moja la kutia moyo na moja la kuonya.

SAFARI YA KAZINI NI NINI KATIKA UCHUMI?

Nguvukazi ya mfanyakazi haina thamani kwa uzalishaji mpaka ifike mahali ambapo mashine, ardhi au meza ya kazi ipo. Pamba iliyoko shambani haina faida kwa kinu mpaka isafirishwe, na gharama ya kuisafirisha huhesabiwa katika bei ya nguo. Kwa pamba hakuna anayebisha. Lakini nguvukazi inaposafirishwa, gharama huachwa mabegani mwa mwenye nguvukazi mwenyewe, nayo huitwa "mambo yake binafsi".

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Mfanyakazi anayetumia saa 1 kwenda na saa 1 kurudi, siku 5 kwa juma, majuma 50 kwa mwaka, hutumia saa 500 njiani. Ukizigawa saa hizo kwa siku ya kazi ya saa 8, utapata siku zaidi ya 62. Hivyo basi mfanyakazi huyo hutoa zaidi ya miezi miwili na nusu ya siku za kazi kila mwaka bila malipo, na juu ya hapo hulipa nauli.

Gharama hii ina sehemu nne, na kada anayetaka kuichambua hana budi kuzitenganisha:

(a) gharama ya fedha, yaani chombo, mafuta, matengenezo na bima;
(b) gharama ya muda;
(c) gharama ya hatari, yaani ajali, na
(d) gharama ya jamii nzima, yaani barabara, msongamano, moshi na ardhi inayogeuzwa maegesho.

Mpango wowote wa usafiri, uwe mzuri au mbaya, ni namna fulani ya kuzigawa gharama hizi nne. Swali la msingi ni moja: kila sehemu imebebwa na nani?

GARI LA PAMOJA LILIANZA VIPI?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, miji ya Marekani ilipanuka kwa kufuata motokaa. Nyumba zilijengwa mbali na kazi, reli za mijini nyingi ziling'olewa, na ikawa kawaida mtu mmoja kwenda kazini peke yake katika gari lenye viti vitano. Kwa hiyo kila mahali penye wafanyakazi elfu moja palihitaji maegesho ya karibu magari elfu moja.

Kampuni ya 3M, yenye makao makuu karibu na mji wa St. Paul katika jimbo la Minnesota, ilikumbana na tatizo hilo mapema. Barabara za kuingia kwenye eneo lake zilijaa, na kuongeza maegesho kulikuwa ghali. Katika mwaka 1973 kampuni hiyo ilinunua magari 6 yenye viti 12 na kuyakabidhi kwa vikundi vya wafanyakazi waliokaa jirani. Utaratibu wake ulikuwa wazi. Mmoja wa wafanyakazi aliendesha. Hakulipwa mshahara wa udereva, ila alisafiri bila kulipa nauli, alibakiwa na nauli za abiria waliozidi idadi iliyowekwa, na aliweza kulitumia gari kwa shughuli zake kwa kulipia maili alizokwenda. Abiria wengine walilipa nauli ya mwezi iliyokusudiwa kurudisha gharama.

Yafaa tuone jambo hapa. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma. Ilipima gharama ya maegesho na gharama ya magari 6, ikaona ya pili ni ndogo. Lakini wafanyakazi nao walipata unafuu wa kweli. Mara kwa mara maslahi ya mwajiri na ya mfanyakazi hukutana katika jambo moja bila kuwa maslahi yale yale. Mchambuzi mzuri hakatai unafuu huo kwa sababu umetoka kwa mwajiri, wala hasahau ulitoka kwa sababu gani.

Miezi michache baadaye, mwezi Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazotoa mafuta ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu ya msimamo wake katika vita vya Mashariki ya Kati. Bei ya pipa moja ilipanda kutoka kiasi cha dola 3 hadi karibu dola 12 kufikia mwanzo wa mwaka 1974. Foleni ndefu zilionekana kwenye vituo vya petroli. Mwezi Januari 1974 ilipitishwa sheria ya dharura iliyoweka mwendo usiozidi maili 55 kwa saa na kutoa fedha za kujaribia mipango ya kushirikiana magari. Katika barabara ya Shirley, inayoingia Washington kutoka Virginia, njia iliyotengwa kwa mabasi ilifunguliwa mwezi Desemba 1973 pia kwa magari yaliyobeba watu wanne au zaidi. Mwaka 1978 sheria ya kodi ilianza kuyapa nafuu magari ya pamoja ya wafanyakazi. Makampuni mengine yaliiga, na katika mji wa Seattle mpango wa magari ya umma ulianza mwaka 1979.

UTARATIBU WENYEWE UNAFANYAJE KAZI?

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza anaweza kuuliza: hii ina tofauti gani na daladala? Swali ni zuri, kwa kuwa chombo chenyewe chaweza kuwa kile kile. Tofauti imo katika uhusiano wa watu waliomo ndani yake.

Daladala ilikua wakati mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, yalipozidiwa na wingi wa abiria na upungufu wa vipuri. Magari ya watu binafsi yalibeba abiria kinyume cha sheria mpaka yaliporuhusiwa mwaka 1983, na jina lenyewe lilitokana na nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala. Katika utaratibu huo gari ni la tajiri, na dereva na konda wake hutakiwa kumpelekea hesabu kila siku. Kinachopita hesabu na mafuta ndicho chao. Ndiyo maana dereva hukimbia, hujaza kupita kiasi, na pengine hukatisha ruti. Tabia hiyo inatokana na hesabu, wala haiponi kwa kumhubiria dereva maadili.

Katika gari la pamoja hakuna hesabu ya tajiri. Abiria ni wale wale kila siku, wanajuana kwa majina, wanatoka mtaa mmoja na kwenda mahali pamoja kwa saa moja. Dereva ni mmoja wao, naye ana msaidizi wa kushika usukani akiugua au akienda likizo. Hakimbilii abiria wa pili, kwa kuwa hayupo. Kikundi hukubaliana kanuni: mahali pa kukutania, dakika ngapi za kumsubiri aliyechelewa, siku ya kulipa, na nani anawekewa dhamana ya kupeleka gari kwenye matengenezo.

Kwa upande wa umiliki kuna aina tatu:

(a) Gari la mfanyakazi mmoja, ambaye wenzake humchangia mafuta. Utaratibu huu ni mwepesi kuanza, lakini gari likiharibika au mwenyewe akihama, umekwisha.

(b) Gari la mwajiri, kama lile la 3M. Huu ni imara zaidi, lakini mfanyakazi akiacha kazi hupoteza pia usafiri, na hivyo hufungwa zaidi kwa mwajiri.

(c) Gari la chombo cha umma, au la kampuni ya kukodisha inayolipwa na kikundi. Katika eneo la Seattle idara ya usafiri ya umma hununua magari, huyakatia bima na kuyatengeneza. Wafanyakazi hujikusanya wenyewe na kulipa nauli ya mwezi.

Faida ya hesabu ni dhahiri. Tuseme watu 10 wanaishi kilomita 30 kutoka kazini. Kila mmoja akiendesha gari lake, jumla huwa kilomita 600 kwa siku. Wakiwa katika gari moja linalozunguka kidogo kuwakusanya, pengine ni kilomita 80. Mafuta, matairi, moshi na nafasi barabarani vyote hupungua kwa kiasi hicho.

Lakini udhaifu nao ni dhahiri. Gharama nyingi za gari hazipungui abiria akiondoka. Tuseme gari linagharimu dola 900 kwa mwezi. Wakiwa 12, kila mmoja hulipa dola 75. Wanne wakiondoka, waliobaki 8 hulipa zaidi ya dola 112. Nauli ikipanda hivyo, wa tano naye hufikiria kuondoka. Kikundi kisicho na mfuko wa akiba au msaada kutoka nje hufa kwa ghafla, hata kama kila mwanachama wake alipenda kiendelee.

Ndiyo sababu mipango iliyodumu iliegemezwa kwenye sheria. Jimbo la Washington, kwa sheria ya mwaka 1991, liliwataka waajiri wakubwa katika wilaya zenye watu wengi, wale wenye wafanyakazi 100 au zaidi wanaofika asubuhi mahali pamoja, kuandaa mpango wa kupunguza safari za mtu mmoja mmoja. Sheria ya kodi ya nchi hiyo inalitambua gari la pamoja kwa masharti: liwe na viti vya watu wazima wasiopungua 6 mbali ya dereva, na asilimia 80 ya maili zake ziwe za kuwapeleka watu kazini na kuwarudisha, huku angalau nusu ya viti hivyo ikiwa imekaliwa. Kwa mwaka 2024 mwajiri aliweza kumlipia mfanyakazi hadi dola 315 kwa mwezi bila fedha hizo kutozwa kodi ya mapato. Kwa maana hiyo sehemu ya gharama ya safari ilihamishwa kutoka kwa mfanyakazi kwenda kwa mwajiri na kwa hazina ya umma.

UPANDE WA PILI: GARI LA KIBARUA

Tungeishia hapo, tungekuwa tumeeleza nusu ya habari, ile ya mfanyakazi wa ofisi na wa kiwanda kikubwa. Katika nchi hiyo hiyo yupo kibarua wa mashambani, na yeye pia amekuwa akishirikiana gari na wenzake kwa miaka mingi.

Katika bonde la San Joaquin, jimbo la California, vibarua wengi wa asili ya Meksiko hawana leseni wala gari, na mashamba yako mbali na reli na mabasi. Kwa hiyo huwalipa watu wanaoitwa raitero, wenye magari ya kuwapeleka kazini. Kwa sura ya nje hili nalo ni gari la pamoja: watu wale wale, safari ile ile, saa ile ile. Lakini mwenye gari anataka faida kwa kila kichwa. Kwa hiyo viti viling'olewa na mahali pake yaliwekwa mabenchi, ili waingie watu wengi zaidi.

Tarehe 9 Agosti 1999, alfajiri, karibu na Five Points katika wilaya ya Fresno, gari la namna hiyo lililokuwa likiwarudisha watu kutoka zamu ya usiku ya kuchambua nyanya liligonga lori lililokuwa likigeuza barabarani. Watu 13 walikufa. Wengi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi bila mikanda. Wakati huo sheria ya jimbo ilikuwa imeyaachilia magari ya vibarua wa mashambani na sharti la mikanda ambalo magari mengine yalilazimika kulitimiza.

Tulitafakari jambo hilo. Sheria ilijua kwamba mkanda huokoa maisha, kwa sababu iliwataka watu wengine waufunge. Kibarua peke yake ndiye aliyeachwa. Katika lugha ya hesabu yetu ya mwanzo, gharama (c), yaani hatari, ilibebwa na yeye pekee, wakati nyanya zake zilifika mezani kwa bei nafuu. Wala halikuwa jambo jipya. Tarehe 17 Septemba 1963, huko Chualar katika jimbo hilo hilo, vibarua 32 kutoka Meksiko walikufa wakati lori lililogeuzwa basi lilipogongwa na treni.

Baada ya vifo vya 1999, jimbo lilipitisha sheria mwaka huo huo ya kudai mikanda katika magari ya vibarua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chombo cha usafiri wa umma cha wilaya ya Kings kilianza kukodisha kwa vibarua magari yenye viti kamili, mikanda, bima na matengenezo, yakiendeshwa na mmoja wa vibarua wenyewe aliyekaguliwa rekodi yake ya udereva. Mwaka 2011 mpango huo ulikabidhiwa kwa mamlaka ya pamoja ya wilaya kadhaa, inayojulikana kwa jina la CalVans.

Hapa somo linaonekana waziwazi. Bonde ni lile lile, barabara ni ile ile, kibarua ni yule yule, na gari ni la ukubwa ule ule. Kilichobadilika ni umiliki na masharti yake. Gari lilipoacha kuwa mtaji wa mtu anayetafuta faida kwa kila kichwa na kuwa chombo cha umma kinachoendeshwa na watumiaji wake, kila mtu alipata kiti na mkanda wake. Hata hivyo tusitie chumvi. Kibarua bado analipa nauli, na bado mwenye shamba hahesabu saa zake za njiani.

USHIRIKA ULIOZALIWA NA SHIDA

Funzo la kuonya linatokana na takwimu za sensa ya Marekani. Mwaka 1980, baada ya misukosuko miwili ya mafuta, karibu wafanyakazi 20 kati ya 100 walikwenda kazini kwa kushirikiana gari, dogo au kubwa. Mwaka 1990 walikuwa wamebaki kiasi cha 13, na mwaka 2000 kiasi cha 12. Katikati hapo, mwaka 1986, bei ya mafuta iliporomoka. Watu walirudi mmoja mmoja kwenye magari yao, na mipango mingi ya kampuni ilidhoofika. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafanya watu waogope kukaa karibu karibu na wengine kufanyia kazi nyumbani, magari ya pamoja yaliyokuwa yamebaki yalipata pigo jingine.

Zipo sababu nyingine za kushuka huko. Zamu zilianza kutofautiana, na gari la pamoja linahitaji saa moja ya kutoka. Mama anayempitia mtoto shuleni au anayeitwa ghafla kwa sababu ya mgonjwa hawezi kutegemea chombo kisichoondoka mpaka jioni. Ndiyo maana mipango mizuri huweka ahadi ya kumrudisha nyumbani kwa teksi mwenye dharura. Palipokosekana ahadi hiyo, wanawake wengi walibaki nje. Lakini sababu kubwa ni kwamba watu waliungana kwa kusukumwa na bei. Ushirika unaozaliwa na shida peke yake hufa shida inapopungua. Ushirika uliodumu, kama ule wa Seattle, ulikuwa umejengewa chombo, sheria na mfuko kabla shida haijaondoka.

HITIMISHO

Gari la pamoja haliwezi kuchukua nafasi ya mabasi na reli za umma. Linafaa pale ambapo watu wengi wanatoka karibu, wanakwenda pamoja kwa saa ileile, na basi haliwezi kufika. Nje ya hapo ni nyongeza tu, na kiongozi anayelitaja ili kukwepa wajibu wa kujenga usafiri wa umma anawadanganya wananchi.

Hata hivyo mfano huu mdogo unatupa kipimo kikubwa. Mpango wowote wa usafiri wa wafanyakazi ukiletwa mezani, kada asianze kwa kuuliza gari ni jipya kiasi gani. Aulize: chombo ni cha nani? Nani analipa mafuta? Nani anapoteza muda? Nani atakufa likipinduka? Na bei ya mafuta ikishuka kesho, mpango huu utabaki umeshikiliwa na nini? Akijibiwa maswali hayo matano kwa ukweli, atakuwa ameelewa mpango wote, na atajua pa kuanzia kuurekebisha.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Katika mahali unapofanyia kazi au unaposoma, gharama nne za safari zimegawanywa vipi kati ya mfanyakazi, mwajiri na umma?

2. Eleza kwa nini dereva wa daladala na dereva wa gari la pamoja wanaweza kuwa na tabia tofauti hata wakiendesha magari yanayofanana.

3. "Basi la wafanyakazi linalomilikiwa na mwajiri ni faida kwa mfanyakazi, na pia ni kamba." Jadili.

4. Taja ushirika mmoja unaoufahamu uliokufa baada ya shida kupungua. Ungefanya nini ili udumu?